Barua za Mchumba Asiyekuwapo



Mwezi uliopita alinijia jioni mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa makamo, aliyefiwa na mkewe yapata miaka mitatu sasa. Hakuja kwa habari za shule. Alikaa kimya kitambo, kisha akatoa simu yake mfukoni, akaniambia, "Ndugu yangu, nataka unisomee barua hizi, halafu uniambie kweli kama mimi ni mpumbavu."

Nikazisoma. Zilikuwa barua za mwanamke aliyejieleza kuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na picha yake ilikuwa ya uso mzuri wenye kucheka. Mwalimu alikuwa amejiandikisha katika mojawapo ya zile tovuti za kutafutia wachumba. Alijiandikisha usiku, saa tatu, na kabla ya saa nne wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kumwandikia, hali yeye hata picha yake alikuwa hajaiweka. Barua zile zilikuwa zimefungwa. Kuzifungua, sharti alipe ada ya mwezi. Akalipa. Mwezi wa pili akalipa tena. Katika wale kumi na mmoja, huyu mmoja alizidi kuandika, asubuhi na jioni, kwa maneno matamu.

"Nilimwandikia habari za mke wangu," akasema mwalimu. "Nilimweleza jinsi alivyougua, na siku tuliyomzika, na jinsi binti yetu alivyokataa kula siku mbili. Niliandika mpaka usiku wa manane. Asubuhi jibu likaja."

Akanionyesha jibu lenyewe. Mwanamke alisema kwamba barua imemfurahisha sana, kwamba yeye apenda muziki na kutembea jioni, na kwamba angependa kujua mwalimu apenda chakula gani.

Hapo sikuwa na haja ya kusoma zaidi. Mtu awaye yote, hata akiwa mkavu wa moyo namna gani, akisomewa habari za maziko hasemi kwamba zimemfurahisha. Aliyejibu barua ile hakuisoma. Nami nilipomweleza mwenzangu kwamba huenda hakuna mwanamke yeyote upande wa pili, ila mashine iliyotiwa maneno, aliinamisha kichwa chake, asiseme neno.

Mwalimu ameniruhusu kuyaandika haya, kwa sharti nisimtaje jina. Nayaandika kwa sababu najua kwamba katika nyumba zetu wako wengine ambao simu zao zina barua kama hizi, nao hawana wa kumwonyesha.

Je, ni wapumbavu tu wanaonaswa?

Hilo ndilo swali la kwanza alilouliza mwenzangu, nami nilimjibu kwa kumsimulia habari za mtu ambaye hakuna awezaye kumwita mpumbavu.

Mwaka 1950 mtaalamu wa Uingereza, Alan Turing, aliandika kwamba ukitaka kujua kama mashine ina akili, uizungumze kwa maandishi bila kuiona. Ukishindwa kuitambua kuwa si mtu, basi imefaulu. Mwaka 1991, katika mji wa Boston huko Marekani, yalianzishwa mashindano ya kulijaribu jambo hilo. Waamuzi walikaa mbele ya kompyuta wakaandikiana na wasiowaona, baadhi yao watu, baadhi yao programu, kisha wakatakiwa kusema ni yupi mtu na ni ipi mashine. Mmoja wa walioyaanzisha mashindano hayo alikuwa Robert Epstein, mtaalamu wa elimu ya nafsi, aliyepata kuwa mhariri mkuu wa gazeti la Psychology Today. Basi huyu alikuwa amesimamia kwa mikono yake mwenyewe kazi ya kupambanua mtu na mashine.

Miaka ikapita. Epstein akatafuta mchumba katika tovuti, akaanza kuandikiana na mwanamke aliyejiita Ivana, aliyesema kwamba akaa Urusi. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, lakini Epstein hakushangaa, kwani ni mgeni wa lugha. Barua zilikuwa ndefu na za upendo. Ila baada ya muda aliona kwamba hazijibu maswali yake dhahiri, na kwamba mambo hayaendi mbele. Ndipo akafanya jaribio moja. Alipiga vidole vyake ovyo juu ya herufi za kompyuta, akaandika mstari usio na maana hata kidogo, akautia sahihi kwa mapenzi, akautuma. Ivana akajibu kwa barua nyingine ndefu juu ya mama yake, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo Epstein akajua kwamba kwa muda wote ule alikuwa akiiandikia programu ya kompyuta. Wala hakuificha aibu yake. Aliitangaza mwenyewe katika gazeti mwaka 2007, ili wengine wajifunze.

Mbona mtu kama huyo alinaswa? Sababu si uchache wa akili. Sababu ni kwamba sisi wanadamu tumezoea tangu utoto kwamba penye maneno pana mtu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilifanya jambo dogo sana: uliyoiambia, iliyageuza kuwa swali ikakurudishia. Ukisema una huzuni, itakuuliza kwa nini una huzuni. Weizenbaum alisimulia kwamba karani wake mwenyewe, aliyemwona akiitengeneza programu ile kwa miezi mingi, alipoanza kuandikiana nayo alimwomba bwana wake atoke chumbani, apate kuzungumza nayo kwa siri. Mashine haikuwa na moyo. Moyo aliuleta yule karani.

Ndivyo ilivyo kwa mtu mpweke. Barua ikija na maneno matatu mazuri, yeye mwenyewe huongeza yaliyosalia. Humwekea mwandishi sauti, na tabia, na wema, mpaka apate kuwa mtu kamili. Kadiri mtu alivyo mwema wa moyo, ndivyo anavyoongeza zaidi. Kwa hiyo tusiseme kwamba wanaonaswa ni wapumbavu. Mara nyingi ni wale walio tayari kupenda.

Mshenga wa kale na mshenga wa sasa

Wazee wetu walipotaka kumwoza kijana walimtuma mshenga. Mshenga alikuwa mtu ajulikanaye katika nyumba zote mbili. Aliuliza habari za ukoo, na tabia, na magonjwa, na madeni. Akisema uongo, aibu ilimrudia yeye, kwani ndoa ikiharibika ndiye aliyeitwa barazani kujieleza. Na shukrani yake aliipata posa ilipokubaliwa. Kwa hiyo faida ya mshenga na faida ya wachumba zilikwenda njia moja.

Tovuti ya kutafutia wachumba nayo ni mshenga wa namna yake. Sisemi kwamba ni neno ovu. Wako watu wengi walioonana kwa njia hiyo, wakaoana, wakakaa vema. Lakini tutazame jinsi mshenga huyu anavyolipwa. Hulipwa kila mwezi, maadamu wewe ungali unatafuta. Siku utakayopata mke au mume, siku hiyo hulipi tena. Mshenga ambaye faida yake ni kungoja kwako, huyo yapasa kumwangalia kwa macho mawili.

Tena wamekwisha kupatikana washenga wa namna hii waliotengeneza wachumba wenyewe. Mwezi wa Oktoba mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Uingereza iitwayo JDI Dating, iliyokuwa na tovuti kumi na nane za kutafutia wachumba. Mashtaka yalieleza kazi yao hivi. Mtu alijiandikisha bure. Mara akaanza kupokea ujumbe kama kwamba watoka kwa watu wakaao karibu naye, wanaotamani kumjua. Lakini hakuweza kujibu mpaka alipe ada ya mwezi, dola 10 mpaka 30. Alipolipa, alikuwa akiwajibu watu wasiokuwapo, kwani ujumbe karibu wote ulitoka kwa maelezo na picha zilizobuniwa na kampuni yenyewe. Kulikuwa na alama ndogo ya kuonyesha kwamba maelezo yale si ya mtu wa kweli, lakini ilikuwa ndogo hata watu hawakuitambua. Tena ada ile iliendelea kukatwa mwezi kwa mwezi bila mwenyewe kuridhia. Kampuni ikakubali kulipa dola 616,165, na kuacha mambo hayo.

Msomaji ataona kwamba mwenzangu mwalimu, aliyepata barua kumi na moja kabla ya kuweka picha, alikutana na hila ya namna hiyohiyo. Kuitengeneza si kazi ngumu. Barua huandikwa mara moja tu. Programu huziba pengo la jina kwa jina lako, na pengo la mji kwa mji wako, ambao imeujua kwa njia ya simu yako, kisha huzituma kwa maelfu ya watu kwa dakika moja. Ndiyo sababu mchumba wa namna hii daima hukaa karibu nawe, popote ulipo.

Habari iliyo kubwa zaidi ni ya Ashley Madison, kampuni ya Canada iliyowaita watu waliokwisha kuoa waje watafute wapenzi wa siri. Katika Julai 2015 wadukuzi waliingia katika hazina ya habari zake, na mwezi wa Agosti wakazitangaza habari za watu yapata milioni 36. Waandishi wa magazeti walipochungua maandishi yale, waliona kwamba kampuni ilikuwa na programu zaidi ya 70,000 zilizojifanya wanawake ili kuwaandikia wanaume, na zilizojifanya wanaume hazikufika hamsini. Mwanaume aliyetaka kujibu alinunua ruhusa kwa fedha. Mwaka 2016 kampuni ilikiri kwamba programu hizo zilikuwapo, na mwezi wa Desemba mwaka huo ikakubali kulipa dola milioni 1.6 kwa Tume ile ya Marekani na kwa majimbo yaliyoshtaki pamoja nayo. Hata wale waliolipa dola 19 ili habari zao zifutwe kabisa, wengi waliziona zimetangazwa pamoja na za wengine.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hao walikwenda kutenda jambo baya, wala sitawatetea. Lakini yako yaliyofuata ambayo yatupasa kuyatia moyoni. Katika majina yaliyotangazwa lilikuwamo la mchungaji mmoja wa Marekani, naye kwa aibu aliyoiona akajitoa uhai wake siku chache baadaye. Mjane wake alisema mbele ya watu wote kwamba jambo lile halikuwa la kutosamehewa. Yaani msamaha ulikuwa umekaa nyumbani mwake mwenyewe, naye hakujua. Nitalirudia neno hili mwisho.

Wezi wa nje

Iko hila ya pili, ambayo si ya mwenye tovuti, ila ya wezi waingiao humo. Hao hawataki ada ya mwezi. Wataka akiba yako yote. Huiba picha za watu wengine, mara nyingi za askari au madaktari, wakaziweka kama zao. Kisha huacha programu iwaandikie watu kwa maelfu, kwani programu haichoki wala haidai mshahara. Katika maelfu hao, wanaojibu kwa moyo ni wachache. Hao wachache ndio wanaopokewa sasa na mwizi mwenyewe, mtu wa damu na nyama, naye huwaandikia kwa majuma na miezi. Neno lake la kwanza ni kwamba tuihame tovuti hii, tuandikiane kwingine. Maana tovuti nyingine zina walinzi, naye hapendi kuonwa.

Kisha huja haja. Ile Tume ya Marekani ilieleza kwamba mwaka 2022 watu karibu 70,000 walileta habari za kudanganywa kwa njia ya mapenzi, na hasara yao ilikuwa dola bilioni 1.3. Nusu ya watu hao kila mmoja alipoteza dola 4,400 au zaidi. Uongo uliotumika kuliko wote, karibu robo ya habari zote, ni kwamba yeye au jamaa yake ameugua, au ameumia, au amefungwa gerezani. Wengine husema ni askari walio mbali, na wengine kwamba watakufundisha kuweka fedha mahali pa kupata faida. Huyu wa mwisho yafaa tumwogope sana, kwani haombi. Yeye akuonyesha kana kwamba akupa.

Zamani tulifundishana kwamba barua ya mwizi hujulikana kwa makosa ya lugha. Fundisho hilo limepitwa na wakati. Programu za sasa huandika Kiingereza kisicho na kosa, na Kiswahili chake chazidi kunyoka kila mwaka. Tulifundishana pia kwamba ukimwona uso katika simu ya video, basi umemwona. Nalo halitoshi tena. Katika Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kwamba wamewakamata watu 27 waliowaibia wanaume wa nchi mbalimbali, pamoja na Taiwan, Singapore na India, yapata dola milioni 46. Watu hao waliweza kubadili nyuso na sauti zao kwa kompyuta katika mazungumzo ya video, hata aliyepigiwa akaona mwanamke mzuri akimtazama na kusema naye.

Namna ya kumpima usiyemwona

Basi tufanye nini? Nitaandika machache, ambayo mtu aweza kuyashika bila kuwa fundi wa kompyuta.

La kwanza, tazama kama unasikilizwa. Mwandikie jambo moja lako, la pekee, kisha ungoje siku mbili umwulize habari zake. Mtu aliyekupenda hulikumbuka. Ukiona majibu yanapita kando ya maneno yako kama maji yanavyopita kando ya jiwe, kaa chonjo. Lakini jua kwamba jaribio hili hutoa mashine za kale na za bei ndogo tu. Za sasa huweza kukumbuka na kukupa pole. Kwa hiyo anayefaulu jaribio hili hajathibitika bado. Anayeshindwa, huyo mwache mara moja.

La pili, ichukue picha yake ukaitafute katika mtandao kwa zile programu za kutafutia picha. Ikionekana kwa jina jingine, au kwa majina matatu, umekwisha kupata jibu. Isipoonekana popote, usishangilie, kwani siku hizi kompyuta huweza kuchora uso wa mtu ambaye hajapata kuzaliwa.

La tatu, omba mashahidi. Hapa hekima ya mshenga yarudi. Uliza akaa mtaa gani, afanya kazi wapi, asali kanisa gani, nani amjuaye. Kisha mtume mtu wako aulize. Mashine yaweza kuwa na uso na sauti, lakini haina jirani, wala shangazi, wala mwalimu aliyeifundisha darasa la tatu. Mtu wa kweli, tena mwenye nia njema, hatachukia kuulizwa. Atakuuliza na wewe vilevile. Anayekasirika na kusema kwamba humwamini, huyo amejitaja.

La nne, usitume fedha kwa mtu ambaye hujaonana naye ana kwa ana, hata kama ni kidogo, hata kama ni mgonjwa, hata kama ameapa kuzirudisha kesho. Wala usimpe namba ya siri ya simu yako au ya benki, wala picha ambayo usingependa ionwe na watu wa nyumbani mwako. Na mtakapokutana mara ya kwanza, mkutane mchana, mahali penye watu, na mmoja wa jamaa yako ajue.

La tano, kabla ya kulipa ada ya tovuti yoyote, soma masharti yake, hasa yale ya herufi ndogo, ujue kama ada itakatwa tena pasipo kuulizwa, na ni kwa njia gani utaizuia. Barua nyingi zinazokuja katika saa ya kwanza, kabla hujaeleza lolote juu ya nafsi yako, si dalili ya kupendwa.

La sita, kama umekwisha kuibiwa, acha kuandikiana naye saa ileile, lakini usizifute barua. Zihifadhi, uende kwa benki au kwa kampuni ya simu uliyotumia kutuma fedha, kisha kwa polisi. Na akija mtu mwingine kukuambia kwamba aweza kukurudishia fedha zako, ila kwanza umpe malipo kidogo, huyo ni ndugu wa yule wa kwanza. Majina ya walioibiwa huuzwa kwa wezi wengine.

Neno kwa watu wa nyumbani

Hayo ni ya mwenye kutafuta mchumba. Sasa nina neno kwa baba, mama, watoto na walimu walio karibu naye.

Hila hizi zote zina nguzo mbili. Ya kwanza ni upweke. Ya pili ni aibu. Upweke humwingiza mtu mtegoni; aibu humzuia asipige kelele. Mwizi ajua hayo, ndiyo maana humwambia, "Mapenzi yetu yawe siri kwanza." Na sisi bila kujua twamsaidia mwizi kazi yake, tunapomcheka mjane atafutaye mwenzi, tunapomwita mwanamke wa miaka arobaini asiyeolewa kwa majina ya dhihaka, tunaposimulia mezani kwa kicheko habari za mtu fulani aliyetuma fedha kwa askari wa kwenye picha. Aliye na barua mfukoni mwake yupo palepale mezani, anasikia. Usiku huo hatatuambia.

Walimu nao wanaulizwa na vijana mambo haya kuliko wazazi wanavyoulizwa. Kijana akikuletea simu yake, usianze kwa kumkemea kwa nini aliingia humo. Soma barua pamoja naye. Mwulize, "Katika barua hizi zote, ni wapi alipokujibu wewe?" Mara nyingi atajionea mwenyewe, na alionalo mtu kwa macho yake halimtoki upesi.

Nimwachie nafasi ya mwisho mwalimu mwenzangu. Jioni ile, baada ya kukaa kimya kwa muda mrefu, alicheka kidogo, akasema, "Ada ile si kitu. Ningeweza kuinunulia saruji mifuko michache, basi. Kinachonitesa ni kwamba nilikuwa nimekwisha kumwambia binti yangu. Nilimwambia huenda nyumba hii itapata mama. Sasa nitamwambia nini?"

Nikamshauri amweleze kweli yote, kama alivyonieleza mimi. Aliogopa kufanya hivyo kuliko alivyoogopa jambo lolote. Juma lililofuata alirudi akanisimulia. Binti hakucheka, wala hakukasirika. Alitaka asomewe barua ile ya maziko, aliyoiandika baba yake usiku ule, kwa maana tangu siku waliyomzika mama yake baba hakuwa amesema naye habari hizo hata mara moja. Akamsomea, wakaketi wakalia pamoja, kisha binti akainuka akapika chai.

Barua ile iliandikwa vema. Ilipelekwa tu mahali pasipo msomaji. Basi ninyi nyote mnaosoma gazeti hili, tazameni katika nyumba zenu kama yuko aandikaye barua za namna hiyo usiku, mkae naye mumsikilize, asije akalazimika kuzipeleka kwa asiyesikia.